Gari Laulizwa Siku ya Arobaini

Jumanne, tarehe 14 Aprili 1998, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hapo hapo ndipo tulipomwacha Masunga wiki iliyopita, msomaji: katikati ya Mto Miyombo, mikono kwenye usukani, maji yanagonga milango, na injini imezima.

Imezima tu. Haikukohoa wala haikutoa moshi.

Akageuza ufunguo. Stata ikazunguka vizuri, injini haikushika. Akageuza tena. Wapi!

"Masunga," mkewe Natalia aliita kutoka kiti cha nyuma. "Imekuwaje?"

"Tulia, mama Letisia. Inawaka sasa hivi."

Haikuwaka.

Natalia alikuwa na mimba ya miezi saba, na tangu alfajiri damu ilikuwa inamtoka. Yeye mwenyewe alikuwa mkunga wa zahanati ya ng'ambo, na likizo ile familia yote ilikuwa huko, kwenye nyumba yake ya kazi. Nusu ya watoto wa kijiji kile walipitia mikononi mwake. Hakuhitaji kuambiwa na mtu damu ile ni ya kusubiri au si ya kusubiri.

Mikumi, kwa daktari wa kupasua, ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Lakini daraja lilikwenda na mvua za El Nino tangu mwezi wa kwanza. Wakubwa walikuja kuangalia mahali lilipokuwa. Wakapiga picha, wakachinjiwa mbuzi, wakaondoka. Mbuzi hakurudi na daraja halikurudi.

Masunga hakuwa akiuogopa mto. Gari lile alilijenga kwa ajili ya mto. Lilishuka bandarini Dar es Salaam likiwa shangingi la kawaida lililotumika Japani, katika enzi zile za kila kitu ruksa, ambapo kila mwenye ndugu mjini aliagiza chake. Yeye akaliinua kwa springi za lori. Akalifunga matairi yenye meno, ngao mbele, na bomba la kuvutia hewa alilolipandisha mpaka juu ya paa kama shingo ya twiga. Watu wa Mikumi walilicheka. Mvua zilipoanza, hao hao wakapanga foleni kuomba lifti.

Na winchi ya kujivuta kwa kamba je? Winchi alikuwa nayo, lakini ilikuwa inaendeshwa na injini. Injini ikifa, nayo imekufa.

Maji yakaingia miguuni.

Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliyesikia ni Nyanda, mfugaji, Msukuma mwenzake, aliyekuwa analima juu ya ukingo. Alikuja mbio na jozi mbili za maksai na mnyororo wa plau. Akaingia mtoni mpaka kifuani.

"Usishuke!" Nyanda alifoka. "Shika usukani unyooke! Mimi nashika ng'ombe!"

Saa nzima na robo. Mnyororo ulichomoka mara mbili, mara mbili Nyanda akazama kuufunga.

"Letisia amekula?" Natalia aliuliza.

"Amekula. Nimemwacha kwa jirani."

"Nywele zake zisukwe kabla shule hazijafunguliwa. Si unajua huwa wanamcheka."

"Utamsuka mwenyewe."

"Nasikia baridi, baba Letisia."

Alivua shati akamfunika. Shati lilikuwa limelowa. Matairi ya mbele yalipokanyaga mchanga wa ukingoni, Masunga aligeuka kumwambia mkewe kwamba tayari, wametoka.

Natalia hakuwepo tena wa kuambiwa.

*

Siku arobaini zikapita. Sasa ni Jumapili, tarehe 24 Mei, nyumbani kwa Masunga, Mikumi. Uji umenyweka, sala imesaliwa, na chini ya turubai uani limesimama lile gari. Hakuna aliyeligusa tangu Nyanda alivute na maksai wake mpaka hapa.

Wakweze walishuka kutoka milima ya Vidunda tangu juzi. Aliyewaongoza alikuwa Damiano, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu, mpole wa sauti, na mgumu kama jiwe la kusagia.

Msomaji, shikilia hapa. Kwa Wavidunda mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa Wasukuma mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Masunga alitoa ng'ombe kumi na wawili akadhani jambo limekwisha. Watu wa Vidunda waliwapokea ng'ombe, wakashukuru sana, wasibadilishe chochote.

Na mtoto ni mmoja tu: Letisia, miaka kumi na moja. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni.

"Shikamoo mjomba," alisema alipopita na sinia.

"Marahaba, mama. Usiende mbali."

Damiano akamgeukia Masunga.

"Shemeji, sisi hatukuja kugombana. Ukoo unasema dada yetu ameuawa na gari lako. Gari zima limetoka kwa wenyewe Wajapani, wewe ukaligeuzageuza kama chapati. Wazee walitaka twende tukaangalie kwa mtaalamu. Ukakataa."

"Mimi nimebatizwa. Siendi kumuuliza mke wangu kwenye kibuyu."

"Ndiyo. Tukakubaliana aulizwe mshitakiwa mwenyewe. Gari. Likikutaja wewe, Letisia anapanda mlima leo. Lisipokutaja, anabaki kwako, na wazee nitawajibu mimi."

"Nimekubali."

"Gari litasema kwa mdomo upi?" mama mmoja aliuliza, na watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kanga.

"Lina taa, mama," akajibu Gabrieli.

Huyu Gabrieli alikuwa fundi umeme wa magari kutoka Morogoro, mtu wa makamo, kalamu mbili mfukoni. Amesomea. Masunga yeye ufundi aliupata kwa kukabidhiwa spana na kutukanwa, baada ya kuachia shule darasa la nne.

Kwenye kiti cha mbele, kile chenye mto, alikaa Mzee Mwinshehe, bwana usafiri wa mradi wa afya, aliyetoka kwake Mabwerebwere, Kilosa, na gunia la mchele la rambirambi. Mradi wa nani, usiniulize. Ilikuja mingi miaka hiyo, kila mmoja na bango lake. Mzee alikuwa ameweka kofia gotini, anaangalia saa.

Turubai likavutwa. Tope la Miyombo lilikuwa limekauka milangoni, limepasuka kama uso wa mtu mzima.

"Betri imeguswa?" Gabrieli aliuliza.

"Haijaguswa."

"Safi. Magari haya ya sasa yana kompyuta, ndiyo ubongo wake. Kila kinachouma inakiandika. Ukitoa betri, inasahau yote."

Akaunganisha betri yake juu ya ile iliyochoka, bila kuitoa. Akafungua kijifuniko pembeni ya injini, akachomeka kipande kifupi cha waya kwenye matundu mawili. Akawasha swichi.

"Angalieni ile taa ya njano. Mhesabu nyinyi, msije mkasema nimewadanganya."

Damiano akaingiza kichwa dirisha la kulia. Masunga la kushoto. Mtu na shemeji yake, pua kwa pua, wakaikodolea macho taa ndogo kuliko punje ya mahindi.

Ikakonyeza. Ikapumzika. Ikakonyeza, ikakonyeza.

"Moja," alisema Damiano. "Halafu mbili."

"Moja, mbili," alisema Masunga.

Ikarudia. Mara tano ikasema neno lile lile.

"Kumi na mbili," Gabrieli akaandika. "Maana yake ubongo haukupata habari kwamba injini inazunguka. Ukadhani imesimama, ukakata moto. Ni waya wa kuleta habari au ni ubongo wenyewe. Waya nimeupima sasa hivi nikichomeka, mzima."

"Huo ubongo unakaa wapi?"

"Chini ya zulia, miguuni pa abiria wa mbele."

Masunga akatazama pale chini.

"Lile sanduku la bati?"

"Hilo hilo."

"La redio?"

"Redio gani, kaka?"

Hapo, msomaji, angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini kifua chake kilikuwa kimejaa siku arobaini.

"Redio ya Kijapani haikamati stesheni zetu," alisema taratibu. "Nikaing'oa. Lile sanduku nililiona, lina maandishi ya kwao. Nikajua ni la redio. Hewa nimeipandisha paani. Difu za kwenye ekseli nimezipandishia mipira ya kupumulia. Delko ya kugawa moto wa plagi nimeipaka grisi. Hilo nikaliacha chini. Chini kwenye maji."

Damiano akatoa kichwa dirishani.

"Wote mmesikia," alisema Damiano, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote. "Hakutajwa na mimi. Letisia! Chukua begi, mama."

Masunga hakubisha. Hilo ndilo lililowauma watu. Walimzoea Masunga wa kubisha, Masunga wa kutukana wahandisi na madiwani mpaka mshipa wa shingo unasimama. Sasa alikaa chini palepale kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi alilolinunua mwenyewe.

"Baba," Letisia alisimama mbele yake na begi kichwani. "Na sare za shule nibebe?"

"Beba, ng'wanawane, mwanangu. Beba zote."

"Kule kuna shule?"

"Subirini!"

Ilikuwa sauti ya Gabrieli. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya gari, miguu nje, na alipotoka alikuwa na sanduku la bati mkononi, mfuniko umefunguliwa.

"Ndani kukavu," alisema.

"Kukavu vipi?" Damiano aliuliza. "Maji si yalifika kwenye viti?"

"Nje maji, ndani hata tone. Limezibwa kwa gamu ya kubandikia kioo pande zote. Na aliyeliziba ni mimi."

"Wewe? Si umefika leo hapa?"

"Nimefika leo. Hili sanduku si la gari hili." Akaligeuza juani. "Mnaona hii rangi ya kucha? Ni alama yangu. Nililichomelea mwezi wa pili, kule Kilosa. Ni la gari la wagonjwa la mradi, pacha wa hili. Nikawaambia wazi: likipata joto litakuwa linakata, lisitumike tena, agizeni jipya. Nikaandika na ripoti."

Msomaji, huhitaji kuambiwa macho ya watu yalikwenda wapi. Yalikwenda kwenye kiti chenye mto.

Mzee Mwinshehe alikuwa ameshavaa kofia.

"Fundi," alisema, "mambo ya ofisi hayazungumzwi msibani. Tuheshimu marehemu."

"Kaa chini, mzee," alisema Damiano. "Marehemu ni wa kwetu. Sisi ndio tunajua aheshimiwe vipi."

Masunga aliinuka. Polepole, kama mtu anayenyanyua gunia.

"Mwezi wa tatu nilileta gari kwenye karakana yenu kuchomelea ngao. Likalala siku mbili. Ufunguo nilikuachia wewe, Mzee Mwinshehe. Na shikamoo nikakupa."

"Na marahaba uliipata."

"Niliipata! Marahaba na ubongo mbovu!" Masunga alifoka. "Mwezi mzima gari linanikatikia barabarani, mimi nalaumu petroli! Nasema wameichanganya na mafuta ya taa! Kumbe ni wewe!"

"Gari la wagonjwa lilikuwa limekufa wiki tatu. Kipuri kiliombwa juu, juu wakakaa nacho. Ningefanyaje?"

"Likapona?" Damiano aliuliza, kwa ule upole wake.

"Likapona."

"Kwa ubongo wa shemeji yangu."

"Ndiyo."

"Na Jumanne ile, dada yangu anavuja damu mtoni, gari lililopona lilikuwa wapi?"

Mzee alipangusa jasho.

"Lilikuwa Morogoro."

"Limepeleka mgonjwa gani?"

"Si mgonjwa. Lilikuwa na safari."

"Ya nini?"

"Viti," alisema Mzee Mwinshehe, na safari hii hata kofia yake ilionekana kubwa kuliko kichwa. "Mkurugenzi wa mradi alikuwa anaoza binti yake. Lilikwenda kuchukua viti vya harusi."

Viti, jamani.

Mama mmoja alianza kulia kama siku ya kwanza ya msiba. Masunga alimrukia mzee, akamkamata ukosi wa shati, gunia la mchele likaanguka na kupasuka. Angemuua. Nawaambia angemuua, na mahakama zetu zinavyojua wa kumfunga na wa kumwacha, angeozea ndani. Aliyemshika ni Damiano. Alimkumbatia kwa nyuma, mikono yote miwili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba shemeji yake kumgusa.

"Mwache," Damiano alimwambia sikioni. "Mwache, shemeji. Mtoto anaangalia. Letisia! Teremsha begi, mama. Weka chini."

Begi likawekwa chini.

Masunga alimwachia mzee. Alipumua. Kwa mara ya kwanza katika siku arobaini hewa ilifika mpaka chini. Si mkono wake. Si bomba lake, si springi zake, si ujinga wake wa darasa la nne. Mtoto atabaki.

Laiti ingeishia hapo!

"Mimi sikuiba," alisema Mzee Mwinshehe, anakusanya vifungo vyake vya shati kwenye vumbi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya bwana mkubwa tena. "Mtanishika uongo kwa mengine, lakini si hili. Nilipewa na mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi!"

"Kadi ina jina la nani, Masunga?"

Masunga akaligeukia gari. Kadi ilikuwa na jina la Natalia. Mtumishi wa serikali ndiye aliyekuwa anapata msamaha wa ushuru wa gari. Fundi wa kando ya barabara hapati msamaha hata wa kosa. Kwa hiyo waliandika jina la mke.

Mzee aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daftari la zahanati.

"Nilitaka nizikwe nayo," alisema. "Umenilazimisha."

Masunga aliichukua. Akaitazama. Ilikuwa ya mwandiko wa kuunganisha, ule wa watu wa ofisini, na yeye husoma herufi zilizochapwa tu. Akampa Damiano. Damiano akatikisa kichwa, naye kusoma hajui.

"Nipeni niwasomee," alisema Mzee Mwinshehe.

"Wewe umeshatusomea vya kutosha. Letisia, njoo. Ya nani hii?" alisema Damiano.

Mtoto alifuta mikono kwenye gauni kabla ya kuipokea.

"Ni ya mama," alisema mara moja. "Mama anaandika hivi. Hata kwenye madaftari yangu anasaini hivi."

"Soma."

Letisia alisoma kama anavyosoma darasani, amesimama wima, neno kwa neno.

"Mimi Natalia, mkunga wa zahanati, nimeruhusu sanduku la gari letu lifungwe kwenye gari la wagonjwa. Mwezi huu kina mama wawili wamenifia mikononi wakisubiri gari. Lile bovu lifungwe kwenye letu mpaka jipya litakapokuja. Nikiwa na shida nitasubiri zamu yangu kama wengine. Mume wangu..."

Akamtazama baba yake.

"Endelea, mama."

"Mume wangu asiambiwe kabisa."

Upepo uliinua pembe ya turubai ukaishusha. Kuku waliushambulia mchele uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Rudia hapo mwisho," alisema Masunga.

"Mume wangu asiambiwe kabisa."

Alijua. Hilo ndilo lililompiga Masunga kifuani. Asubuhi ile alipombeba kumwingiza kwenye gari, Natalia alijua ubongo ulioko miguuni ni wa kukata wakati wowote. Alipanda akijua. Mtoni, ufunguo unageuzwa na kugeuzwa, alijua. Akaulizia chakula cha mtoto na nywele za mtoto. Hili hakulisema.

"Baba," Letisia aliita. Alikuwa anakunja karatasi pale pale ilipokuwa imekunjwa.

Damiano aliwatazama ndugu zake waliokuja naye. Mmoja wao akamnong'oneza kitu kwa Kividunda. Damiano akatikisa kichwa, kisha akakaa kwenye kiti kile chenye mto, akamketisha Masunga mbele yake, magoti yakagusana.

"Shemeji," alisema, "gari limekuachia. Sanduku si lako. Wakubwa hawa na viti vyao nitawafuata mwenyewe, hata kwa miguu. Lakini wewe mtoto huyu unataka abaki kwako, mtoto wa kike, peke yenu wawili, ndani ya nyumba hii."

"Ndiyo."

"Basi nijibu moja tu, na Letisia asikie jibu. Mimi namjua dada yangu. Usiku alikuwa anapita porini na tembo wamesimama, anakwenda kuzalisha. Mto hakuogopa. Mabosi wa huyu mzee hakuwaogopa, alikuwa anawasema usoni. Damu ndiyo ilikuwa kazi yake."

Akashika begi la mtoto, akaliweka mapajani.

"Wewe alikuogopa kwa nini?"

Masunga alifungua mdomo. Letisia alikuwa anamtazama, na naye anasubiri.